Naomba ushauri: mzaha wangu umemuudhi jirani

Hamjambo wanakikundi. Nauza mitumba Gikomba. Juzi, mifereji ikiwa mikavu siku ya tatu, nilitania kwamba hata Yesu wa Kana angefika hapa angekosa maji ya kugeuza kuwa divai. Wakristo wenzangu walicheka. Jirani yangu wa kibanda, Mwislamu, aliweka kikombe cha chai chini, akaondoka. Baadaye akaniambia Isa ni nabii kwao pia, mamake ana sura nzima kwenye Kurani, na nabii hafanyiwi mzaha. Nimeomba radhi. Salamu anaitikia, ila chenji haji kuniomba tena. Mimi nilikejeli mifereji, jamani, si Yesu!

Je, mzaha wa namna hii kweli ni utovu wa heshima? Na nimwendee tena, au nimpe muda?