Naomba ushauri: usaili wa kujiunga na fiziotherapia

Wakuu, habari zenu. Nimeitwa kwenye usaili wa kusomea fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) na zimebaki wiki mbili tu. Vyeti viko sawa, hilo halinisumbui. Tatizo ni lile swali la "kwa nini fiziotherapia na si udaktari au uuguzi?" Kila nikilijibu mbele ya kioo naishia kusema "napenda kusaidia watu", na najiona muongo, maana muuguzi naye anasaidia watu.

Ninacho kisa kimoja. Nilipokuwa najitolea kwenye kitengo cha mazoezi ya viungo nilimwona mzee aliyepata kiharusi akifundishwa upya kuinuka kitini. Siku ya kwanza alishindwa kabisa. Baada ya wiki kadhaa akainuka mwenyewe, akatucheka sisi tuliokaa tayari kumdaka. Je, kinatosha, au wasaili wamechoka na hadithi za wagonjwa?

Halafu nasikia usaili ni wa vituo: unazunguka chumba hadi chumba, dakika chache kila kimoja, pengine unamkuta mtu anaigiza mgonjwa aliyegoma mazoezi kwa sababu ya maumivu. Huyo unamwanzaje? Mliopitia huko, nisaidieni. Hata mkinikosoa sawa tu.