Mjadala: Mitungi ya gesi inagawiwa kila kona, mbona anayepika kwa umeme anaadhibiwa?

Mwanzisha mada

Wakuu, leo naomba tubishane kuhusu nishati safi ya kupikia. Lengo lenyewe sina ugomvi nalo. Mkakati wa taifa uliotoka Mei 2024 unataka ifikapo 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi. Mwezi huohuo Rais Samia alikuwa Paris, mmoja wa wenyeviti wa mkutano ulioahidi dola bilioni 2.2 kwa kazi hiyo Afrika nzima. Yote heri. Ila huku mtaani kazi yote imeishia kwenye mtungi. Mheshimiwa akirudi jimboni anagawa mitungi na kupiga picha, REA, wakala wa nishati vijijini, inauza mitungi kwa nusu bei, hata kwenye kitchen party mtungi ndiyo zawadi ya kwanza.

Ndani ya mtungi huo kuna propani na butani zilizokuja na meli. Bei yake inaanzia kule Saudi Aramco wanakotangaza bei kila mwezi, kisha inapita kwenye meli, bima, dola, bandari, msambazaji na wakala, hadi kwa bodaboda anayekuletea mlangoni. Petroli na dizeli EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, huziwekea bei kikomo kila mwezi. Gesi ya mtungi haina kikomo hicho. Ghuba wakikorofishana, au shilingi ikiteleza, Mbagala wanalala na chai ya rangi.

India walitutangulia. Mwaka 2016 walianzisha mpango wa Ujjwala, wakawapa wanawake wa familia maskini majiko na mitungi, zaidi ya milioni 80 kwa miaka mitatu na kitu. Kazi kubwa ile. Kisha ikaonekana wengi wanajaza mara tatu au nne tu kwa mwaka, na katikati wanarudi kwenye kuni na mavi makavu ya ng'ombe. Mwaka 2022 serikali ikalazimika kuweka ruzuku ya rupia 200 kwa kila mtungi unaojazwa, mwaka uliofuata ikaipandisha hadi 300. Kugawa mtungi ndiyo nusu rahisi ya kazi, na sisi tumeiga hiyo nusu.

Sasa geukeni Rufiji. Bwawa la Nyerere lina mashine tisa, kila moja megawati 235, jumla 2,115. Ya kwanza ilianza kuzalisha mapema 2024, na mwaka uliofuata zote zilikuwa zimekamilika. Umeme upo. Kinachomzuia mtu kuupikia ni LUKU yenyewe, umeme wa kulipia kabla, na hapa naomba mnifuate taratibu.

Kilo moja ya gesi ya mtungi ina nishati ya karibu uniti 13 za umeme. Mtungi mdogo wa kilo 6, basi, ni kama uniti 77. Kwenye jiko la gesi karibu nusu ya joto inapita pembeni ya sufuria, kwa hiyo chakula kinapata kama 40. Jiko la umeme linapoteza kidogo kuliko hapo, tuseme kazi ileile litaifanya kwa uniti 57. Mteja wa D1, kundi la watumiaji wadogo wa nyumbani, ananunua uniti kwa shilingi 100, yaani 122 ukiweka kodi na tozo, mradi asizidi 75 kwa mwezi. Chukua hizo 57 za jikoni, ongeza friji, taa na runinga: umeshavuka. Zinazozidi wanakutoza 350 kabla ya kodi, na ukizoea kuvuka wanakuhamishia T1, kundi la matumizi ya kawaida, ambako kila uniti, hata ya taa ya chooni, ni 292, au 356 na vikorombwezo vyake.

Yaani umetii wito wa kuacha mkaa, umetumia umeme wa nchi yako, na bei ya uniti yako imepanda karibu mara tatu.

Na hata kwa bei hiyo ya adhabu, uniti 57 ni kama shilingi 20,300. Kujaza mtungi mdogo mtaani kwangu ni 24,000. Kwa bei ya D1 zingekuwa hazifiki 7,000. Uganda wameliona hili: mwaka 2022 waliweka bei ya kupikia, mteja wa nyumbani akifika uniti ya 81 hadi ya 150 bei inashuka, shilingi 412 za kwao. Sisi tunapandisha palepale wenzetu wanaposhusha.

Hoja yangu: D1 iwekewe mgao wa jikoni, hata uniti 60 juu ya zile 75, kabla hatujagawa mtungi mwingine hata mmoja. Anayepinga aje na hesabu.

Mama Ntilie wa Tandika

Mwanangu, hesabu yako nzuri lakini haijawahi kupika wali wa watu arobaini. Mimi nina vyote viwili. Gesi naiwasha alfajiri kwa chai na chapati, maharage na makande nabandika kwenye mkaa. Unajua kwa nini? Mkaa nanunua kwa kopo kulingana na mauzo ya jana. Jana wateja wachache, makopo mawili. Gesi inataka hela yote kwa mkupuo, na siku inapoisha ndiyo siku mtoto anadaiwa mchango shuleni.

Huo umeme wenu nitauchomeka wapi? Kibanda changu ni mabati manne na turubai, nani ataniwekea mita? Halafu ukatike saa tano maharage yakiwa nusu, saa saba wateja wameshakaa kwenye benchi. Niwaambie bwawa limejaa?

Mwanzisha mada

Shikamoo mama. Kwa biashara yako sina la kukubishia, mimi nasemea kaya. Ila kwenye hili la kununua kwa kopo, LUKU ndiyo inayofanana na mkaa kuliko mtungi. Una buku, unaweka buku. Hakuna wakala wa gesi atakayekujazia ya elfu moja.

Dereva wa Bajaji

Kaka unazunguka mbuyu. Bajaji yangu inatembea kwa gesi ya Songo Songo, ya hapahapa nyumbani. Gesi hiyohiyo inashindikanaje kuingia kwenye mtungi wa mama? Kuna watu wanalinda biashara yao ya meli, semeni ukweli.

Mwanzisha mada

Wafanyabiashara wanalinda biashara, hilo halina mjadala. Lakini kinachokataa hapa ni gesi yenyewe. Ya Songo Songo ni methani kwa karibu asilimia 97. Propani na butani ni punje tu. Propani na butani ukizibana kidogo zinageuka maji, ndiyo maana ukitikisa mtungi wa jikoni unasikia kitu kinacheza ndani. Methani haikubali hivyo. Ama uipoze hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, ama uibane hadi mgandamizo wa bar 200 kama ilivyo kwenye bajaji yako. Angalia unene wa mtungi wako ule, halafu fikiria bibi anaubeba kwenda dukani. Mtungi wa jikoni haufiki hata bar 10. Na hata huo mtambo wa kugeuza gesi kuwa kimiminika (LNG) wa Lindi tunaousubiri miaka nenda rudi hautatujazia mitungi ya jikoni, gesi ya bahari kuu nayo ni kavu, propani na butani ni chache mno.

Mmakonde Halisi

Mmetaja gesi, nami niseme. Januari 2013 tuliandamana Mtwara, "gesi haitoki". Mei, siku ya bajeti ya nishati, mji ukawaka moto, watu wakafa, jeshi likaja. Bomba la kuipeleka Dar likajengwa kwa mkopo wa China, likazinduliwa 2015, gesi ikatoka. Leo mama yangu kijijini anapikia matawi ya mkorosho yaliyopogolewa. Bomba limepita, yeye analisikia kwenye taarifa ya habari.

Kwa hiyo mkianza kugombana kama Dar wapewe mtungi au uniti 60 za bei nafuu, kwetu inasikika kama wageni wanaogombea kiti kwenye shughuli ya mwenyewe. Mgao wa jikoni sawa, uanzie Mtwara na Lindi.

Fundi Mitambo

Mwanzisha mada, kuna kitu umekiruka. Rufiji haiko peke yake kwenye gridi. Kinyerezi na Ubungo zinachoma gesi. Mtambo wa gesi wa kawaida unatupa hewani karibu theluthi mbili ya joto, ule wa mzunguko pacha, unaozalisha tena kwa joto la moshi wake, unatupa karibu nusu. Halafu kuna upotevu wa njiani. Kisha wewe unauchukua umeme huo kuchemshia maji! Uhandisi wa kweli ni bomba hadi jikoni, kama nyumba za Mikocheni zilizounganishwa. Methani inawaka vizuri tu kwenye jiko, badilisha pua ya jiko basi.

Mwanzisha mada

Fundi, kwa Mikocheni nakubali. Nionyeshe bomba litakavyopita Manzese, ambako hata jeneza linatolewa kwa kulipitisha juu ya ukuta wa jirani. TPDC, shirika la mafuta la taifa, wanaunganisha nyumba, lakini kwa jiji lenye watu zaidi ya milioni 5 zilizounganishwa hazifiki hata moja katika mia. Nyaya zimeshafika. Na hasara yako ya kwenye mtambo inafidiwa kwa kiasi chake jikoni: jiko la presha la umeme linaivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Kwenye koili iliyo wazi hesabu inakuwa mbaya zaidi, hilo nakupa.

Mkenya wa Likoni

Hodi jamani. Sisi ule mtungi wa kilo sita tunauita meko, na serikali imetuchezesha nao vilivyo. 2018 waliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa, ati watu wasichanganye na dizeli. Wengi wakahamia meko. 2021 wakaiwekea gesi VAT ya asilimia 16. Kelele zikazidi, 2022 wakashusha hadi 8, 2023 wakaifuta. Mama mboga yuko palepale, anasukumwa huku na kule. Ndugu yangu anadhani stima itasalimika? Siku watu wote wakipikia stima, ndipo hazina itakapoikumbuka.

Mwanzisha mada

Imeshaikumbuka, jirani. Kodi ya jengo tunakatwa humohumo kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi.

Mwanakijiji Kilosa

Mnaongea kama mkaa ni dhambi. Huku kwetu toka 2012 kulikuwa na mradi wa mkaa endelevu. Msitu wa kijiji unapimwa vitalu vya mita 50 kwa 50, unavuna kimoja unaruka kinachofuata, kama ubao wa drafti. Kisiki cha miombo kinachipua chenyewe, na mzunguko ni miaka 24. Ushuru unaingia kijijini; kuna madarasa yamejengwa kwa mkaa. Ukiupiga mkaa marufuku kabisa, msitu ule hauna tena thamani kwa mwanakijiji, kesho analima ufuta. Shamba ndilo linaloua msitu, kisiki hakirudi kwenye shamba.

Ila nami nisiwafiche: tanuri la kienyeji, kilo mia za kuni kavu zinakupa mkaa kilo kumi hadi ishirini. Na magunia mengi yanayoingia Dar usiku hayakutoka kwenye kitalu chochote.

Fundi Mitambo

Huyu wa Kilosa amesema jambo ambalo mkakati wote umelipita kwa mbali.

Mpangaji Chumba Kimoja

Mimi nina swali dogo. Hiyo D1 mnayoizungumza ninyi mnaipata wapi? Tuko wapangaji sita, mita moja. Uniti 75 zinaisha kabla ya tarehe kumi, kwa hiyo siku zote tuko T1. Kule barabarani kuna mzee anaishi peke yake kwenye nyumba ya geti, watoto wako nje, yeye ndiye yuko kwenye bei ya wanyonge. Mkiweka mgao wa jikoni utaenda kwake.

Na sharti la kwanza la mwenye nyumba wangu: hakuna pasi, hakuna hita, hakuna jiko la umeme. Nina jiko la koili alilonipa dada yangu, liko chini ya kitanda na viatu.

Mwanzisha mada

Basi mgao uende kwa kaya, kila mpangaji awe na mita yake. Kuunganishwa mjini, nguzo ikiwa karibu, ni 320,960.

Mwenye Nyumba

Nimewasoma kimya toka asubuhi. Sharti hilo hata mimi ninalo na silifuti. Nyumba yangu ilivutwa nyaya enzi za taa mbili na redio. Wapangaji sita wakiwasha koili saa moja jioni, dari linaungua, na hapo hamtakuja kunichangia. Kubadilisha nyaya ni gharama yangu, mita sita ni gharama yangu, nafuu ya umeme ni ya mpangaji. Mimi napata nini?

Mwanzisha mada

Mita sita ni shilingi 1,925,760. Tuseme serikali inabeba nusu, kama REA inavyofanya kwa mitungi. Nusu yako na nyaya mpya utavumilia, au utapandisha kodi?

Mwenye Nyumba

Nitapandisha.

Mpangaji Chumba Kimoja

Kwa shilingi ngapi? Maana nataka nipige hesabu dhidi ya mkaa.