Msaada: sensa ya volti za mnara inasoma 242, nakosea wapi?

Kijana_wa_Mgeta
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi kwenye kampuni ndogo ya intaneti hapa Morogoro. Tuna mnara mmoja mlimani upande wa Mgeta, kule umeme wa gridi haujafika. Unaendeshwa na paneli na betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo kupata 24. Wiki ya tatu sasa, ikifika saa kumi alfajiri unazima, na jua likishapanda unawaka wenyewe. Natumwa nipande, nikifika juu nakuta kila kitu kinafanya kazi kama vile hakuna kilichotokea.

Ofisini nimefunga PRTG, programu ya kufuatilia vifaa vya mtandao, toleo la bure la sensa 100 (kila sensa inafuatilia kipimo kimoja). Pingi, ile ya kuuliza tu kama kifaa kipo hewani, inaniambia mnara umezima, habari ambayo wateja wameshanipigia simu. Ninachotaka ni kuona volti zinavyoshuka usiku. Redio iliyo juu ya mnara ni ya kampuni ya MikroTik, yenye mfumo wa RouterOS 6, na ukiingia ndani yake volti unaziona. Nikatengeneza sensa ya SNMP Custom (SNMP ni njia ya kukiuliza kifaa vipimo vyake kupitia mtandao) kwa OID hii, yaani namba ya kipimo ninachokitaka:

1.3.6.1.4.1.14988.1.1.3.8

Ikagoma, nyekundu tupu. Nikaongeza .0 mwishoni, ikakubali, ila inasoma 242. Volti 242 kwenye kebo ya intaneti, ambayo ndiyo inapeleka na umeme juu, si ningeshazikwa? Naombeni mwongozo.

Swichi_Kavu
Hujakosea mkuu, hiyo ni 24.2. SNMP haipendi nukta, kwa hiyo kifaa kinatuma volti kwa sehemu za kumi. Kwenye mipangilio ya sensa kuna sehemu ya kugawanya, weka 10, na kipimo andika V. Aina ya thamani iwe ile ya kawaida, usichague ya kaunta. Ukichagua kaunta itakuonyesha tofauti kati ya kipimo na kipimo, utakaa unaangalia sifuri mpaka ustaafu.

Na hiyo .0 uliyoipachika kwa kubahatisha ina maana. Namba uliyoanza nayo ni jina la kitu, .0 ndiyo thamani yake yenyewe. Kitu kilicho kimoja tu kwenye kifaa kinaishia na .0. Vilivyo vingi, kama poti, vinaishia na namba ya kila kimoja.

Mama_Seva
Mdogo wangu, kabla hujafika mbali: komyuniti ya SNMP, lile jina linalotumika kama nywila, umeacha "public"? Na redio inajibu kutoka anwani yoyote? Usinijibu hapa, nenda karekebishe. Badilisha jina, weka anwani ya seva yako peke yake ndiyo iruhusiwe, na UDP 161, poti ya SNMP, isionekane kutoka nje. Toleo la v2c la SNMP linapitisha hilo jina wazi wazi, kwa hiyo kama huna VPN kati ya ofisi na mnara, tumia v3.

Jambo jingine, usikariri OID za kuokota mitandaoni. Ingia kwenye redio yenyewe, andika:

/system health print oid

Itakupa namba zake za kweli. Siku ukipandisha kwenda RouterOS 7 rudia hiyo amri, maana huko vipimo hivi vimepangwa kwenye jedwali, chini ya tawi la 14988.1.1.3.100. Huko volti bado unagawanya kwa 10, ila joto linakuja nyuzi kamili. Ukiligawanya nalo utaona redio ina nyuzi 4, na kwa baridi ya Mgeta unaweza kuamini!

Kijana_wa_Mgeta
Asanteni sana. Dada Mama_Seva, nimekimbia kurekebisha, sitasema nilikuta nini. Sensa sasa inasoma 24.2 V. Swali: tahadhari niweke kwenye volti ngapi?

Jua_Kali_24V
Subiri kwanza kaka. Hiyo 24.2 inasomwa wapi? Redio iko juu, betri ziko chini, katikati kuna kebo, na kebo inakula volti. Chukua mita, pima kwenye nguzo za betri, uangalie na sensa inasema nini dakika hiyo hiyo. Kama chini kuna rauta inayochukua moto moja kwa moja kwenye betri na ina kipimo cha volti, soma hiyo uachane na redio.

Kijana_wa_Mgeta
Rauta ya chini ni ya bei ndogo, haina kipimo. Leo nimepanda. Saa saba mchana, jua limetoka vizuri: mita kwenye betri 25.0, sensa 24.2. Kebo ni kama mita 40. Kwa hiyo nikiongeza 0.8 kichwani nakuwa nimejua hali ya betri?

Jua_Kali_24V
Takriban, ndiyo. Redio ikifanya kazi nzito inavuta zaidi na tofauti inakua kidogo, ila kwa kazi yako inatosha. Betri za risasi za 24 zikifika 24.2 zikiwa zimetulia, zimeshatumika kama nusu. Hivyo onyo weka 23.4 kwenye sensa (24.2 toa 0.8 ya kebo), na ujumbe wa simu uwe na ucheleweshaji wa dakika kumi ili usiamshwe na mtikisiko wa sekunde moja.

Lakini mimi kinachonisumbua siyo sensa. Umesema saa saba mchana, jua kali, mita 25.0? Betri za 24 zinazochajiwa muda huo zilipaswa kuwa 27, hata 28. Hebu iache sensa ikeshe usiku huu, kesho utuletee grafu.

Bando_Halishi
Samahani kuingilia uzi. Mimi rauta yangu ya giga grafu ya matumizi inapanda na kuporomoka hovyo, na nina uhakika laini imejaa. Ni sensa pia?

Swichi_Kavu
@Bando_Halishi unasoma kaunta ya biti 32, namba inayojumlisha data iliyopita. Kwenye giga iliyojaa inazunguka na kuanza upya kila sekunde 34 hivi, wewe unapima kila dakika, unategemea nini? Hamia v2c, tumia kaunta za ifHCInOctets (data inayoingia) na ifHCOutOctets (inayotoka), hizo ni biti 64. Ukikwama fungua uzi wako, tumwache huyu na mnara wake.

Kijana_wa_Mgeta
Nimerudi. Kwenye sensa: saa kumi na mbili jioni 24.0. Saa sita usiku 23.5. Saa nane usiku bado 23.3, onyo likaniamsha. Halafu kuanzia saa tisa na robo ikaporomoka, ndani ya nusu saa imefika 21.6, mstari ukakatika.

Jua_Kali_24V
Kidhibiti cha sola kimekata kulinda betri, kimefanya kazi yake. Betri zilizochoka kwa pamoja zinateremka kama mtu anashuka mlima. Zako zimeteremka vizuri halafu zikaanguka mtoni. Hapo kuna betri moja inayoiangusha nyenzake. Zitenganishe, ziache saa mbili bila mzigo, pima moja moja.

Kijana_wa_Mgeta
Wakuu! Ya kulia 12.6, ya kushoto 10.5. Zilinunuliwa siku moja.

Jua_Kali_24V
Seli moja ya hiyo ya kushoto imekufa. Kila seli ni volti 2 na ushee, hesabu ndiyo hiyo. Ndiyo maana mchana haikufika 27.

Kijana_wa_Mgeta
Bosi anasema ninunue moja tu, ile nzima ibaki.

Mama_Seva
Mwambie bosi zote mbili. Mpya ikifungwa mfululizo na iliyochoka, ya zamani itaizeesha mpya, na utapanda mlima tena kabla ya masika.

Kijana_wa_Mgeta
Nimempelekea picha ya grafu, hakujibu. Dakika tano baadaye mhasibu kanipigia kuuliza bei ya mbili.