Mjadala: Diwani ajibu kero kwenye grupu la mtaa, au tumkute mkutanoni?

MkaziKimara
Habari za jioni wana Dar. Swali hili linarudi kila masika: diwani aingie kwenye magrupu ya WhatsApp ya mitaa yake na kujibu wananchi humo, au abaki kwenye mkutano wa mtaa, Kamati ya Maendeleo ya Kata na Baraza la Madiwani? Mimi nasema aingie. Baraza la kawaida hukaa mara moja kwa robo mwaka. Kalavati likizolewa na maji leo usiku, kesho asubuhi watoto hawavuki kwenda shule. Miezi mitatu ni mingi mno. Wanaopinga waje na sababu.

BondeLaMpiji
Napinga. Grupu moja la WhatsApp mwisho wake ni watu 1,024. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam, na kata nyingi za pembezoni zina makumi ya maelfu ya wakazi. Watakaosikika ni wale wale wenye simu janja, bando na muda. Mama anayekaanga mihogo tangu saa kumi na moja alfajiri hayumo. Mzee wa kitochi hayumo, wala mpangaji ambaye hakuna aliyekumbuka kumuunga. Diwani akizoea kujibu grupuni, taratibu ataamini ameisikia kata nzima.

Mkutano wa mtaa una muhtasari na orodha ya mahudhurio, na anayesimama pale kusema hahitaji hata senti ya bando. Halafu kumbukeni Oktoba 29, 2025, intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa. Kata itakayohamishia kila kitu mtandaoni, siku kama zile itaitana kwa njia gani?

KatibuWaKata
Ndugu BondeLaMpiji, hoja ya idadi naikubali. Ila kwangu jambo zito ni kinachotokea baada ya ujumbe kusomwa.

Diwani hana fungu la kuchotea, wala hawezi kumwamuru mhandisi. Afisa masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha, ni mkurugenzi wa halmashauri. Nguvu ya diwani iko kwenye kamati na Baraza, na huko kinachosomwa ni karatasi. Kwa hiyo kero ya grupuni iingie kwenye daftari la mtendaji wa mtaa siku hiyo hiyo, kwa sababu aliyeiandika anaweza kuifuta, na admini naye anaweza. Ipewe namba, ipande kwa mtendaji wa kata, ambaye ndiye katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wa kamati hiyo ni diwani mwenyewe. Isipoingia kwenye ajenda hapo imekufa, hata kama mheshimiwa alijibu usiku wa manane.

Na ujumbe wenyewe uwe wa kushikika. Mtu akiandika "Mheshimiwa huku tunateseka, mtaro umeziba", mtendaji hana cha kuandika. Akiandika "Mtaro wa njia ya zahanati, upande wa kushoto, umejaa mchanga na viroba kwa hatua kama 40 kuanzia kalavati la pili, maji yameingia nyumba tatu Jumatatu usiku", mtendaji anaunakili kama ulivyo. Picha zinatosha mbili: ya mbali inayoonyesha jengo linalojulikana, na ya karibu yenye kitu cha kulinganishia kina, jembe au ndoo. Mahali patumwe peke yake kwa pini ya ramani, kwa kuwa picha ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza taarifa za mahali ilipopigwa. Picha yenye alama ya kusambazwa mara nyingi isifanyiwe kazi mpaka aliyeipiga apatikane. Picha za mafuriko ya miaka iliyopita hurudi kila mvua zikianza, na watu huomba msaada uende mahali pakavu.

Jibu la diwani nalo liwe na namba ya daftari, ofisi iliyopelekewa na tarehe ya kurudi na majibu. "Nimepokea, nafuatilia" peke yake, wiki ya pili inaonekana uongo hata kama kweli anafuatilia.

TorolinaJembe
Hapo kwenye "ofisi iliyopelekewa" ndipo wengi wanapoanguka. Tangu Julai 2017 barabara za mitaa na mitaro yake ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, si idara ya ujenzi ya halmashauri. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala mwingine wa barabara. Bomba lililopasuka, au chemba ya mtandao wa majitaka inayotapika, ni DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka. Nguzo ya umeme iliyoinama ni TANESCO. Mto unaokula kingo upeleke Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na ukumbuke Sheria ya Mazingira ya 2004 inayolinda mita 60 kutoka ukingoni. Kwa halmashauri zinabaki taka, masoko, zahanati, shule za msingi, na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu.

Diwani akiandika "nitalishughulikia" juu ya barabara, amejitwisha deni lisilo lake. Aandike: "Hili ni la TARURA, barua imekwenda kwa meneja wa wilaya, nakala iko kwa mtendaji." Ni jibu fupi, na mkazi anajua pa kuuliza.

Tena mtaro mmoja unaweza kuwa na wenyewe wawili. Kuuzibua ni kazi ya TARURA. Lakini unaziba kwa sababu guta la taka halikupita wiki mbili na watu wakamwaga humo, na mzabuni wa taka anabanwa na halmashauri. Zikiandikwa barua mbili, kazi inakaa. Ikiandikwa moja, vibarua watakuja, watatoa mchanga, watauacha ukingoni, na mvua ya kwanza itaurudisha ndani. Kamati ya mtaa ikubaliane mapema nani anaondoa huo mchanga, na ndani ya siku ngapi.

SokoniTandale
Mbona hakuna aliyegusa usalama wa watu? Kwenye grupu namba ya kila mmoja iko wazi kwa wote. Dada akilalamikia jirani mwenye kelele za usiku, jirani anaipata namba yake hapo hapo. Kwenye mikopo ndiyo hatari zaidi: watu wanamwaga namba za NIDA, za vitambulisho vya taifa, hadharani wakidhani wanaomba. Tapeli anachukua picha ya diwani, anaiweka kwenye laini yake, anawafuata mmoja mmoja faraghani akidai hela ya fomu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hela ikishatumwa imekwenda.

Pendekezo langu: matangazo ya diwani yapite kwenye chaneli ya WhatsApp, ambako wafuasi hawaonani namba. Kero zenye majina ya watu zipelekwe kwa mtendaji ana kwa ana.

BondeLaMpiji
Chaneli ni kutangaziwa tu, dada yangu, hakuna wa kumuuliza swali. Lakini la namba umesema kweli.

Nirudi kwenye hofu yangu kubwa. Leo ni kero, kesho mtu anaandika "tumekubaliana grupuni kila kaya itoe elfu tano ya ulinzi" kwa sababu vimehesabika vidole gumba 60. Waliokuwa kazini hawakuona, wasio na simu janja hawakujua, na mgambo anabisha hodi mlangoni. Diwani asome, aeleze, aelekeze. Uamuzi wa kuwabana wakazi upitishwe mkutanoni, uandikwe kwenye muhtasari.

MkaziKimara
Hilo la michango nakuunga mkono bila sharti. Sasa mzee wa kitochi atajuaje kilichojibiwa?

KatibuWaKata
Karatasi moja ya A4 kila Jumatatu. Namba ya kero, mahali, ofisi iliyopelekewa, tarehe, hali ilipofikia. Majina ya walalamikaji yasiwekwe. Ibandikwe ofisi ya mtaa na kwenye duka moja la kila eneo, na mwenyekiti aisome mwanzo wa mkutano wa mtaa kabla ya kero mpya. Nakala 10 ni gharama ndogo, kwa hiyo kisingizio cha fungu hakipo.

BondeLaMpiji
Karatasi hiyo ikibandikwa wiki nne mfululizo bila kuruka, nitarudi hapa tuongee upya. Kwa leo bado napinga.