Unyakuo ni kabla au baada ya dhiki kuu? Naombeni ushauri wa haraka

Kijana wa Simbo: Wakuu, heshima kwenu. Unyakuo, yaani waamini kuchukuliwa juu kumlaki Bwana, unatangulia dhiki kuu, kile kipindi cha mateso makali ya siku za mwisho, au unakuja baada yake? Tangu mkutano wa injili upite huku kwetu Kigoma, usingizi sipati. Nahitaji jibu kabla ya Jumamosi.

Mzee wa Ujiji: Soma 1 Wathesalonike 4:16-17. Bwana anashuka, waliokufa katika Kristo wanafufuka kwanza, kisha walio hai wananyakuliwa pamoja nao mawinguni kumlaki. Paulo alikuwa anawafariji wafiwa, hakupanga ratiba. Fundisho la kanisa kuondoka kwanza, halafu dhiki ya miaka 7, lilienezwa na mhubiri John Nelson Darby kuanzia miaka ya 1830, na Biblia yenye maelezo ya Scofield ya 1909 ikalisambaza zaidi. Wapentekoste wengi wanalifundisha, Wakatoliki hawalifundishi.

Binti Nzega: Bibi yangu alirudi kutoka kisimani akakuta nyumba nzima haina mtu. Alilia akijua ameachwa! Kumbe wote wako msibani kwa jirani.

Mwanga Sokoni: Mbona Jumamosi? Kuna kitu unaficha.

Kijana wa Simbo: Mnunuzi analeta hela. Nauza shamba la michikichi alilotuachia baba, nitoe kwa kazi ya injili. Malipo ya awali nimeshapokea. Sijalazimishwa na mtu, na Matendo 4 inasema waamini waliuza mashamba.

Mama Wawili: "Alilotuachia" wewe na nani? Mama yuko hai?

Kijana wa Simbo: Yuko hai, mawese anayouza yanatoka humo. Nitamweleza baadaye.

Mama Wawili: Mwanangu, unamtolea Mungu chakula cha mama yako?

Mzee wa Ujiji: Matendo 4 waliuza ili wahitaji wagawiwe. Huku unamtengeneza mhitaji mpya. Wafuasi wa mhubiri William Miller kule Marekani walimngoja Bwana tarehe 22 Oktoba 1844, wengine wakaacha mazao bila kuvuna. Mwaka 2011 mhubiri wa redio Harold Camping akataja 21 Mei, watu wakamaliza akiba zao. Mathayo 24:36 ipo wazi: siku ile hakuna aijuaye.

Mwanga Sokoni: Wakuu, hii ni chai. Juzi juzi huyu alikuwa anauliza bei ya mitumbwi Kibirizi, akasema kwao hawana hata shamba. Leo ana michikichi ya urithi!

Binti Nzega: Duh! Nami nimeshamwombea.

Kijana wa Simbo: Si chai. Akaunti hii natumia na mdogo wangu, yule wa mitumbwi ni yeye. Yeye hajui kama shamba ni letu wote.

Mama Wawili: Basi atausoma huu uzi leo.

Mzee wa Ujiji: Mrudishie mnunuzi pesa yake, mama na mdogo wako wakiwepo.

Kijana wa Simbo: Nimeshaipeleka kwa mtumishi.

Mzee wa Ujiji: Yote?