Naomba ushauri: giaboksi ya otomatiki inagoma kupanda gia ikipata joto

Ndugu mafundi na madereva wenzangu, nawasalimu kwa heshima.

Nina Toyota Mark II GX100 ya mwaka 1999, injini ya 1G-FE, giaboksi ya otomatiki ya gia 4. Asubuhi hubadilisha gia vizuri kabisa, lakini baada ya kukaa kwenye foleni ya Kimara kwa dakika 40 hivi, inakataa kutoka gia ya 2 kwenda ya 3, mshale wa mzunguko wa injini unapanda hadi 4,000, na taa ya O/D OFF (inayoonyesha kuwa gia ya juu kabisa, overdrive, imezimwa) inawaka na kuzimika mfululizo. Nikizima injini na kuwasha tena, tatizo linatoweka, pengine hata kwa siku tatu.

Oili ya giaboksi nimeipima injini ikiwa ya moto na inaunguruma: kiwango ni sahihi, bado ni nyekundu, wala hainuki kuungua. Fundi aliipima kwa kompyuta bila kuona kosa, ingawa alikuwa ameshachomoa waya wa betri, jambo ambalo nahofia lilifuta kumbukumbu. Anataka nibadilishe giaboksi nzima, nami sijaridhika.

Je, dalili hizi zinaelekea kwenye solenoidi (valvu za umeme zinazobadilisha gia) na nyaya zake, au kwenye sensa ya mwendo? Na ukinzani wa solenoidi nipime giaboksi ikiwa bado ya moto?