Naomba ushauri: ninajitolea ofisi ya diwani, sasa natakiwa kuandika muhtasari wa mkutano ambao haukufanyika

Binti wa Loleza (mleta uzi)

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaishi katika kata mojawapo ya Jiji la Mbeya, upande wa mlimani, na tangu nilipomaliza chuo nimekuwa nikijitolea katika ofisi ya diwani wetu. Sina mkataba wala mshahara. Kila Jumatatu hupokea wananchi, huandika shida zao katika daftari kubwa la kaunta, kisha huwaandalia barua za kwenda kwa mtendaji wa kata, TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), mamlaka ya maji au ustawi wa jamii. Wanaofika ni wengi kuliko watu wanavyodhani: bibi aliyekatiwa maji kwa deni la mpangaji aliyekwisha hama, vijana wa bajaji wanaogombea kijiwe, mjane anayesumbuliwa na ndugu wa marehemu mumewe kuhusu kiwanja. Mheshimiwa huwasikiliza wote bila kuuliza walimpigia nani kura, nami naipenda kazi hii kwa dhati.

Shida iliyonileta hapa ni hii. Mtaani kwetu kuna kijito ambacho watoto hukivuka kwenda shule, na kivuko chake ni magogo mawili ya mlingoti yaliyofungwa kwa waya na kupigiliwa misumari ya inchi sita. Gome limekwisha kubanduka, hivyo yakilowa huteleza kama sabuni. Wananchi walichangishwa shilingi 10,000 kwa kila kaya ili kijengwe kivuko cha mawe na zege. Sasa mheshimiwa ananitaka niandike muhtasari unaoonyesha kwamba wananchi walikutana na kuridhia fundi na bei yake, ilhali mkutano huo haukufanyika, na sababu anayoitoa ni kwamba tukisubiri taratibu zote mvua za Novemba zitatukuta tukiwa bado tunazungumza. Je, niandike na kazi iendelee, au niache kujitolea? Naombeni ushauri, kwa maana usingizi umepungua.

Mama wa Vikundi, Iringa

Pole, mwanangu. Mimi ninasema usiache, kwa sababu ofisi ya diwani isiyo na mtu wa kuandika ni hasara kwa akina mama. Sisi hapa Iringa tulihangaika sana na mkopo wa asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ule ambao wanawake hutengewa asilimia nne, vijana nne na watu wenye ulemavu mbili. Mikopo iliposimamishwa mwaka 2023 tulikuwa tumekwisha kamilisha katiba ya kikundi na akaunti ya benki, na iliporejeshwa mwaka 2024 ilitubidi tuanze upya, huku hakuna anayekumbuka makaratasi yetu yaliishia wapi. Kama pale katani angekuwapo binti kama wewe mwenye daftari, tusingezungushwa. Baki hapo, uwasaidie wenzako wajaze fomu. Hayo ya kivuko yatapita.

Mwalimu, Mafinga

Dada, kujitolea ni jambo jema, lakini karatasi ya uongo haina wema. Nilipokuwa mwalimu mkuu msaidizi, wazazi walichangia ujenzi wa darasa. Kuta zilipanda hadi kwenye lenta, fedha zikaisha, na tulipotafuta kumbukumbu tukakuta mihtasari imeandikwa vizuri sana, yenye majina ya wazazi ambao wengine walikuwa shambani Usangu siku hiyo. Tangu wakati ule, kila tukitaja mchango, wazazi hututazama na kunyamaza. Kinachokwenda si shilingi elfu kumi peke yake. Mzazi ambaye angeleta tofali au kubeba maji ya zege haji tena, na kumrudisha huchukua miaka.

Mtendaji Mstaafu

Ndugu mleta uzi, nilikuwa mtendaji wa kata kwa muda mrefu katika nyanda hizi, kwa hiyo naomba nikuulize kabla sijakushauri. Diwani ni mwakilishi wa wananchi katika baraza na ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, lakini si mtendaji, na hatakiwi kushika fedha wala kuchagua fundi. Katibu wa kamati hiyo ni mtendaji wa kata. Mkutano mkuu wa mtaa huitishwa na mwenyekiti wa mtaa, na muhtasari wake huandikwa na mtendaji wa mtaa. Sasa niambie: muhtasari huu umekufikiaje wewe? Fedha zimehifadhiwa wapi? Na fundi ni nani?

Binti wa Loleza

Ahsante, mzee wangu. Mtaa wetu kwa sasa hauna mtendaji, wa mtaa jirani anakaimu na ana kazi nyingi, ndiyo maana niliombwa nisaidie kuandika. Fedha zipo salama na hazijaguswa kwa matumizi yasiyohusika. Fundi ni mtu anayefahamika, amejenga nyumba nyingi hapa, na bei yake ni ndogo kuliko ya wengine. Ninachouliza ni kuhusu muhtasari tu.

Fundi Mwashi, Tukuyu

Dada yangu, nyumba ni kitu kimoja na kivuko ni kingine. Kijito cha mlimani hukaa kimya miezi mingi, kisha siku moja hushuka na mawe na visiki. Ukijenga kuta za pembeni bila kuchimba hadi ardhi ngumu, maji huingia chini ya msingi na kuutafuna, na usipopima yale maji yanafika wapi wakati wa mafuriko, utajenga daraja ambalo maji yatalizunguka na kula ukingo. Hapa Rungwe tumeona vivuko vya namna hiyo vikibaki vimesimama katikati ya mto bila njia ya kuvifikia. Huyo fundi amekwisha kushuka kijitoni na kamba ya kupimia? Kama bei yake ni ndogo, ameandika mifuko mingapi ya saruji na nondo za unene gani? Bei bila mchanganuo si bei.

Mtendaji Mstaafu

Mwanangu, hujanijibu. "Salama" si mahali. Nauliza tena: fedha zipo katika akaunti gani, nani ni watia saini, na fundi ana uhusiano gani na wewe au na diwani?

Binti wa Loleza

Nitasema, kwa kuwa nimekuja kutafuta msaada. Fedha zipo katika laini yangu ya simu. Kamati ilichelewa kufungua akaunti benki, watu walikuwa wanataka kuchangia, na mimi ndiye niliyekuwa na daftari, kwa hiyo ilikubalika kwamba zitumwe kwangu. Fundi ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Mheshimiwa ndiye aliyempendekeza, si mimi, kwa sababu alimjengea uzio wake na akaridhika. Sehemu ya fedha nimekwisha kumtumia ili awahi kununua mawe na mchanga kabla bei haijapanda, na mawe yamekwisha kushushwa kando ya njia.

Naomba msinihukumu haraka. Kila aliyechangia nimemwandikia stakabadhi kwa mkono, yenye nakala, na hakuna hata shilingi iliyoingia katika ugali wa nyumbani kwangu. Shemeji amekubali kupunguza ufundi kwa kuwa watoto wake nao wanavuka pale. Tungesubiri kuitisha mkutano, kutafuta mafundi watatu na kuwalinganisha, mvua ingekuwa imeanza. Nani kati yenu angekubali kuona mtoto wa darasa la kwanza akipita juu ya magogo yale kwa magoti, begi likining'inia shingoni?

Mama wa Vikundi, Iringa

Sasa naelewa kwa nini hulali. Hata katika vikoba vyetu, sanduku lina funguo tatu na wenye funguo hawatoki nyumba moja. Si kwamba hatuaminiani. Tunamlinda yule anayelala na sanduku.

Mchunguzi wa Kyela

Wakuu, samahani, lakini mimi siuamini uzi huu, na sitaki tuchezewe akili. Jiji la Mbeya lina kata 36 na kila moja ina diwani wake, mleta uzi hataji hata moja. Mwanzoni alikuwa mtu wa kuandika barua, akaja kuwa mwandishi wa mikutano, sasa ndiye mtunza fedha, na fundi ni shemeji. Kila akiulizwa, hadithi huongezeka pale inapohitajika. Tena, kivuko cha njia ya umma mijini ni jambo la TARURA tangu wakala huo ulipoanza mwaka 2017, inakuwaje hawatajwi popote? Naona ni mtu aliyetunga kisa ili diwani fulani achafuke, na ninyi mnamsaidia kwa nia njema.

Mwalimu, Mafinga

Ndugu Mchunguzi, haki ya kutilia shaka unayo, na hoja yako kuhusu TARURA ni ya msingi. Lakini mtu anayetaka kumchafua diwani asingesema kwamba anasikiliza kila mtu bila kuuliza kura, wala asingejitaja kwamba fedha zipo katika simu yake mwenyewe. Anayetunga hujiweka upande wa usafi.

Binti wa Loleza

Sitaji kata kwa sababu ofisini tupo watu watatu tu, na nikiitaja nimejitaja. TARURA tuliwaandikia. Barua ilipokelewa, nakala yangu ina muhuri na tarehe, na tuliambiwa kivuko kitaingizwa katika mipango kulingana na bajeti. Hakuna aliyekuja kupima. Kitabu cha stakabadhi ni cha kawaida cha dukani, karatasi nyeupe kwa mchangiaji na ya njano inabaki kitabuni, na mahali karatasi ya kaboni ilipochoka nimerudia jina kwa kalamu ili lisomeke. Kama hayo nimeyatunga, basi nimetunga hata alama za wino vidoleni mwangu. Sina ugomvi na mheshimiwa. Ningekuwa nao nisingeuliza niendelee au niache.

Mchunguzi wa Kyela

Nimesoma. Bado nina shaka, lakini kama barua yenye muhuri ipo, ndiyo silaha yako kubwa kuliko muhtasari wowote. Mwombe meneja wao wa wilaya amtume mhandisi aje apime, hata kama hawana fedha za kujenga.

Mtendaji Mstaafu

Uwe ni ukweli au utunzi, mambo haya hutokea katika mitaa yetu, nami nitajibu kama ukweli. Muhtasari huo usiuandike. Siku mchangiaji mmoja atakapokwenda TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, hawatamwita diwani kwanza, watamwita mwenye laini ya simu na mwandiko. Mheshimiwa anaweza kuwa na nia safi kabisa kuhusu watoto, na bado karatasi ile ikabaki na mwandiko wako peke yako.

Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa pamoja na mtendaji anayekaimu, uwaombe waitishe mkutano mkuu wa dharura. Haihitaji miezi, tangazo likibandikwa na msikitini na makanisani likasomwa, watu watakuja, maana fedha ni zao. Mbele yao soma orodha ya waliochangia, onyesha taarifa ya miamala ya laini yako, na sema wazi kwamba fundi ni shemeji yako na nani alimpendekeza. Wakimtaka waseme wao, wewe ukiwa nje ya majadiliano. Salio lihamie akaunti ya kamati siku itakapofunguliwa, na mtendaji wa kata apewe nakala. Mheshimiwa naye mwambie kabla, kwa heshima, ofisini kwake, asikusikie mkutanoni.

Binti wa Loleza

Nimekuelewa, mzee wangu. Muhtasari sitauandika, na kesho nitamwambia mheshimiwa. Mkutano nitauomba. Ila fedha ambazo shemeji amekwisha kuzipokea sitazidai, kwa kuwa mawe yapo na kila mtu anayaona. Nikimdai, dada yangu ndiye atakayeumia nyumbani.

Fundi Mwashi, Tukuyu

Usimdai, lakini mawe yapimwe. Waite wajumbe wawili wa kamati na fundi mwingine asiye ndugu yako, wayapange kwa urefu, upana na kimo, wapate ujazo, kisha waulize bei ya tripu ya mawe kwa madereva wa malori pale kwenu. Wakimaliza, yeye atie saini na wao watie saini. Kama thamani inalingana na ulichotuma, dada yako atalala vizuri. Kama hailingani, ni bora ujue sasa, mkutano haujaanza.

Binti wa Loleza

Wajumbe nitawaita Jumamosi. Shemeji bado sijamwambia.